Wiki mbili za kwanza za dawa ya hofu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wakazi wa Tanga walioandikiwa dawa za wasiwasi na hofu ya ghafla, na zaidi tuseme na ndugu wanaokaa nao nyumbani. Tunahudumia wagonjwa hawa na kuwapa dawa, na linalotusumbua ni moja: wengi huziacha ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla hazijaanza kufanya kazi. Huo si ukaidi. Mtu aliyepewa kidonge cha kumtuliza, akaona siku ya tatu moyo unakwenda mbio kuliko alivyokuwa kabla, ana haki ya kudhani amepewa sumu. Kosa ni la aliyemkabidhi bahasha ya dawa bila kumwambia kwamba siku hizo zinakuja, zina sababu, na zina mwisho.

Dawa tunazozisema ni fluoksetini, setralini na sitalopramu, ambazo ni za ukoo mmoja, pamoja na amitriptilini, ya ukoo wa zamani zaidi. Zile tatu za kwanza huzuia seli za fahamu zisiirudishe ndani haraka kemikali iitwayo serotonini, inayobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Kazi hiyo huanza saa chache tu baada ya kidonge cha kwanza. Lakini seli zenyewe huchukua wiki kadhaa kuizoea hali mpya, na utulivu hauji mpaka zizoee. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. Hapo katikati mgonjwa anayaona maudhi bila kuiona faida. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za serotonini ya mwili ziko kwenye utumbo, ndiyo maana tumbo hulalamika kabla ya kichwa kupoa.

Kwa mwenye hofu ya ghafla jambo hili ni zito kuliko kwa mwenye sonona peke yake. Yeye ameshazoea kuusikiliza mwili wake usiku na mchana. Mtetemeko mdogo wa mikono, jasho, pigo moja la moyo lililoruka, kwake ni tangazo la kifo. Kwa hiyo haanzi na dozi ambayo wengine huanza nayo, anaanza na nusu. Setralini ya miligramu 50 hukatwa katikati pale penye mstari, akanywa 25 kwa wiki moja ndipo apande hadi 50. Sitalopramu huanza na miligramu 10. Fluoksetini ina ugumu wake, kwa kuwa huku kwetu hupatikana zaidi kwa kapsuli ya miligramu 20, na kapsuli haikatwi. Daktari anaweza kuamua mgonjwa anywe siku moja na kuruka siku inayofuata kwa wiki ya kwanza, na hilo linawezekana kwa sababu dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Tunasisitiza kwamba ni daktari anayeamua. Setralini haikai hivyo, ukiruka siku unaweza kuona kizunguzungu. Kama umeandikiwa dozi kamili tangu siku ya kwanza na una historia ya hofu ya ghafla, rudi uulize, kwa heshima na bila woga: "Daktari, naweza kuanza na nusu?" Ni swali halali kabisa.

Kichefuchefu ndicho malalamiko ya kwanza tunayopokea. Usinywe dawa tumbo likiwa tupu. Kunywa baada ya chai ya asubuhi yenye kitu cha kushika tumbo, muhogo wa kuchemsha au chapati, si chai kavu. Wiki hiyo ya kwanza punguza bajia, viazi karai na kila kinachochuruzika mafuta. Kula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Uji mwepesi na maji ya tangawizi husaidia wengi. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie kidonge, subiri wakati wa dozi inayofuata. Kichefuchefu hiki kwa kawaida hulegea ndani ya wiki moja hadi mbili. Tumbo likiharisha, changanya pakiti moja ya ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi na unywe siku nzima. Joto la pwani halisamehe aliyepungukiwa maji, na dawa hizi zenyewe huongeza jasho.

Kichwa kikiuma, tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24. Usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kuuliza, kwa sababu zikikutana na dawa za ukoo wa serotonini hatari ya kutokwa na damu tumboni huongezeka. Kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache. Sema tu unainywa. Tramadoli, dawa kali ya maumivu inayouzwa mitaani kama njugu, ni hatari zaidi, kwani nayo husukuma serotonini juu. Wapo pia wanaotibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi. Hao lazima wamwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Usingizi una kanuni rahisi ambayo mara nyingi haisemwi. Fluoksetini hunywewa asubuhi, kwa sababu huchangamsha. Setralini na sitalopramu huanza asubuhi vilevile, lakini zikikulaza mchana, hamishia usiku. Amitriptilini ni ya usiku siku zote, na saa ina maana yake: ukiinywa saa tano usiku, saa moja asubuhi utaamka kichwa kizito kama mtu aliyelewa. Inywe saa mbili au saa tatu. Hukausha kinywa, hufunga choo, na hushusha presha unapoinuka ghafla. Kabla ya kutoka kitandani kaa ukingoni, miguu chini, hesabu hadi 30 ndipo usimame. Papai, mchicha na maji ya kutosha vitasaidia choo. Mzee mwenye tezi dume, mwenye presha ya macho au mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema, maana kwake dawa hii inaweza kuwa si sahihi. Dereva wa bodaboda, na mvuvi anayetoka usiku pale Deep Sea au Sahare, asipande chombo mpaka ajue dawa inamfanya nini. Kusinzia juu ya pikipiki kunaua mara moja.

Sasa kahawa. Tunajua tunagusa mahali penye mapenzi. Kahawa chungu ya mabaraza ya Ngamiani, vikombe vitano au sita kati ya alasiri na isha, huupa moyo mbio zilezile ambazo mgonjwa anaziogopa. Hatusemi aondoke barazani, kwa kuwa kukaa na watu ni sehemu ya tiba. Tunasema kwa wiki hizi mbili aombe kashata na maji, au kikombe kimoja tu, tena kabla ya saa nane mchana. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu aviache kabisa. Mirungi, mbali na kukatazwa na sheria, huchochea hofu kuliko kahawa. Pombe, mnazi ukiwemo, hutuliza jioni na kurudisha wasiwasi alfajiri ukiwa maradufu.

Hofu yenyewe ikipanda katika siku hizi, ikumbukwe kwamba hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huteremka yenyewe. Kaa chini, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, endelea kwa dakika tano. Usihesabu mapigo ya moyo, wala usikimbilie kupima presha kila baada ya robo saa. Kila kipimo kinaongeza hofu. Badala yake weka daftari: saa, ukali wa hofu kwa namba kutoka 0 hadi 10, ulikula nini, ulilala saa ngapi. Wiki mbili za daftari hilo humwambia daktari zaidi ya maelezo ya nusu saa. Na wewe mwenyewe utaona kwamba 9 ya siku ya nne imekuwa 6 siku ya kumi na mbili, jambo ambalo kumbukumbu ya mtu mwenye hofu haimwambii kamwe. Lakini maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa kwenye mkono au taya, au kuzimia, yasihesabiwe kuwa hofu. Nenda hospitali.

Madaktari wengine huongeza diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa siku chache ili kuvuka daraja hili. Inasaidia kweli, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa ni rahisi kuizoea na kushindwa kuiacha. Isipite wiki mbili hadi nne, isichanganywe na pombe wala tramadoli, na isinunuliwe bila cheti. Propranololi nayo hupunguza mbio za moyo, ila mwenye pumu asiiguse.

Liko jambo ambalo watu hawalisemi mbele yetu mpaka tuwaulize. Dawa za ukoo wa serotonini zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kumchelewesha mwanamume kufika, na kumzuia mwanamke asifike. Tofauti na kichefuchefu, hili halina haraka ya kuondoka. Wanaume huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii, au huongeza dawa za nguvu za kiume za mitaani ambazo hakuna ajuaye zina nini. Semeni, mume na mke pamoja ikiwezekana. Dozi inaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa.

Kuhusu dua na kisomo, haviingiliani na vidonge hata kidogo, na kwa wengi vinatuliza. Kinachoweza kuingiliana ni mzizi na unga usiojulikana jina, basi uleteni tuuone kabla ya kuunywa. Mwezi wa Ramadhani dawa ya mara moja kwa siku huhamia baada ya futari au wakati wa daku, haihitaji kuachwa. Ukikutwa na malaria, mwambie mtoa huduma dawa unayotumia, hasa sitalopramu, kwa kuwa yenyewe na dawa ya mseto zote hugusa mwendo wa umeme wa moyo. Usikatae kutibiwa malaria, sema tu. Mjamzito naye asiache wala kuanza kivyake.

Ukisahau dozi, inywe ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama wakati wa dozi inayofuata umekaribia, iruke. Usinywe mbili kwa pamoja. Hesabu vidonge kabla ya safari ya Pemba au Pangani, na urudi kuchukua vingine vikibaki vitano. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, hasira na hisia kama shoti za umeme kichwani, na watu hudhani ugonjwa umerudi. Ukipona, dawa huendelea miezi 6 hadi 12, kisha hupunguzwa pole pole.

Zipo dalili zisizosubiri kliniki ya Jumatatu. Mawazo ya kujiua au kujidhuru, hasa kwa aliye chini ya miaka 25, katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Homa pamoja na mtetemeko, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Vipele na midomo kuvimba. Choo cheusi kama lami. Mzee kuanza kupotewa na maneno, maana chumvi ya damu yake inaweza kuwa imeshuka. Mtu kukesha siku tatu bila kuchoka, anaongea bila kituo na kugawa mali. Hapo ni hospitali ya rufaa ya Bombo, au kituo chochote kilicho karibu, usiku huohuo. Vidonge visikae mikononi mwa mgonjwa mwenye mawazo ya kujidhuru. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua, kwa hiyo ndugu mmoja aitunze, ampe ya siku moja moja, mbali na watoto.

Ombi letu kwa wenzetu wa vituo vya afya na maduka ya dawa muhimu kuanzia Pangani hadi Lushoto: msimpangie mgonjwa wa hofu kurudi baada ya mwezi. Mwezi kwake ni mrefu mno. Arudi siku ya saba, au apigiwe simu, kisha siku ya kumi na nne. Na juu ya bahasha, badala ya "1x1" (kidonge kimoja mara moja kwa siku) peke yake, ongezeni mistari minne kwa kalamu: "Wiki ya kwanza kichefuchefu na wasiwasi vinaweza kuongezeka, vitapungua. Kunywa baada ya kula, usiongeze, usiache. Rudi tarehe hii. Ukipata mawazo ya kujidhuru, njoo leo."

Ni sisi,
Wauguzi na watoa dawa, huduma ya afya ya akili,
Tanga