Silinda ikimisi, pimeni kabla ya kununua spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba magari ya zamani ya michezo yenye tabo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini, hayafai hapa Dar es Salaam. Alisema joto letu na foleni zetu huyamaliza, na kwamba anayenunua gari la namna hiyo amejinunulia misi isiyoisha, yaani silinda isiyowaka sawasawa na injini ikatetemeka. Mimi nauza spea Gerezani, na kabla ya kufungua duka nilisomea umeme wa magari VETA Chang'ombe. Magari anayoyalalamikia yanasimama mbele ya duka langu karibu kila siku: Subaru Impreza WRX, Forester za tabo, Lancer Evolution, mara mojamoja Supra. Nayapenda sana magari haya, na inaniuma kuyaona yakiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya ubovu ambao haukuwahi kupimwa.

Nieleze ninavyoliona jambo hili nikiwa nyuma ya kaunta. Mteja anakuja na karatasi aliyoandikiwa na fundi: plagi nne. Anarudi na karatasi nyingine: koili, inayoipa plagi umeme wa cheche. Baada ya hapo sensa ya oksijeni, kisha nozeli inayonyunyiza mafuta kwenye silinda, kisha pampu ya mafuta. Gari bado inamisi. Ukutani kwangu, kama katika maduka mengi ya mtaa huu, kuna tangazo kwamba spea ya umeme ikishauzwa hairudishwi, kwa kuwa hatuwezi kujua imeunganishwa vipi huko ilikokwenda. Kwa hiyo fundi akibahatisha akakosa, hasara ni ya mteja peke yake. Mimi nimeuza, fundi amelipwa ufundi wake, mwenye gari amebaki na boksi la spea nzima zilizotolewa bila kosa.

Mwaka huu alikuja kijana wa Tabata mwenye Impreza WRX ya 2001, ile ya taa za duara. Koili na plagi mpya alishanunua. "Shikamoo mama, leo naomba sensa ya oksijeni," akaniambia. Nikamuuliza gari inamisi wakati gani. Akasema asubuhi iko sawa. Ikishapata moto, hasa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, inatetemeka mpaka usukani unacheza, lakini barabara ikifunguka akakanyaga mafuta, injini inanyooka. Nikamwambia, "Mwanangu, sensa sikuuzii leo. Nenda kwanza kapime kompresheni, yaani kila silinda inabana kwa nguvu kiasi gani, uniletee namba nne zimeandikwa kwenye karatasi."

Sikumnyima kwa ubishi. Maelezo yake yenyewe yalikuwa yanaelekeza kwingine, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize. Silinda inahitaji mambo matatu ili iwake: cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kipimo chake, na kubanwa vizuri kwa mchanganyiko huo. Wakati gari inapomisi husaidia kujua lipi kati ya hayo linapungua. Ikimisi pale tabo inapoanza kusukuma, mara nyingi tatizo ni cheche, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa inahitaji umeme wenye nguvu zaidi kuruka kwenye nafasi ya plagi. Koili iliyochoka inaweza kufanya kazi vizuri gari ikiwa imesimama, ikashindwa ukikanyaga. Ndiyo maana plagi za injini za tabo huachiwa nafasi ndogo, kama milimita 0.7 au 0.8, na anayefunga plagi zenye nafasi ya milimita 1.1 kwa kuwa zimeingia kwenye uzi anatengeneza misi kwa mkono wake. Lakini gari inayomisi ikiwa imesimama na moto, kisha ikanyooka kwenye mzunguko mkubwa, inanifanya niwaze valvu isiyofunga vizuri au hewa inayoingia kwa kuiba. Injini ikizunguka haraka, mchanganyiko unakosa muda wa kuvuja.

Sensa ya oksijeni ilisingiziwa kwa njia ninayoiona kila mara. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilionyesha kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, fundi akasema sensa imekufa. Silinda isiyowaka hutoa nje oksijeni yake yote bila kuitumia. Sensa inaikuta oksijeni hiyo kwenye ekzosi na kutoa taarifa ya kweli kabisa, na kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Sensa ilikuwa inafanya kazi yake.

Na hizo mashine za kusomea zisiabudiwe. Magari ya soko la Marekani kuanzia 1996 hutaja silinda inayomisi kwa kodi, yaani namba ya kosa: P0301 ni silinda ya kwanza, P0304 ni ya nne. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani miaka ile hayana msaada huo, na ndiyo tunayoyaendesha sisi. Hata pale kodi inapotaja silinda namba 4, haijasema lolote kuhusu koili. Imesema silinda ile haikusukuma kama wenzake, basi.

Kuipata silinda yenyewe hakuhitaji hela. Injini ikinguruma, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Silinda nzima ukiikatia mafuta injini inalegea. Mbovu ukiikatia, hakuna kinachobadilika. Nasema nozeli na si koili, kwa sababu ukikata cheche mafuta mabichi yanaendelea kumwagika, yanasafisha oili kwenye ukuta wa silinda na kwenda kuungua ndani ya masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Ukishaijua silinda, hamisha koili yake uipeleke kwa jirani. Misi ikihama, koili ndiyo mbovu, kanunue moja. Isipohama, koili yako ni nzima. Fanya hivyo hivyo kwa plagi, na ukiitoa iangalie: iliyolowa petroli, iliyolowa oili na iliyosafishwa ikawa nyeupe kwa maji ya rejeta zinazungumza mambo matatu tofauti. Kwenye Subaru oili kuzunguka plagi mara nyingi ni mpira mdogo wa shimo la plagi uliokauka, kitu cha bei ndogo kabisa.

Angalieni na soketi zenyewe. Plastiki ya zaidi ya miaka 20 inakatika klipu ukiigusa tu, na magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, nimeziona pini zake zimeota kutu ya kijani. Hakuna koili mpya itakayoponya pini iliyooza.

Najua kwa nini mafundi wengi wanaruka hatua hizi, na nawaelewa. Injini ya Subaru imelala, pistoni mbili huku mbili kule, na plagi zinatazama pembeni karibu na kuta za boneti. Silinda namba 1 na 3 ziko kulia, na kuzifikia unatoa boksi la filta ya hewa. Namba 2 na 4 ziko kushoto, unatoa betri na chupa ya maji ya kioo. Kwa mteja anayetaka gari yake kabla ya saa sita, fundi anaona afadhali afunge kipya mara moja kuliko kufungua mara mbili. Lakini mteja ambaye hakuelezwa hivyo ndiye anayelipia ugumu huo, na mara nyingi bila gari kupona.

Basi yule kijana alikwenda kwa fundi mmoja mzee, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mzee akawasha injini mpaka ikapata moto, akatoa plagi zote nne, akakata mafuta na cheche, akamwambia kijana akanyage pedali mpaka chini apige staata, betri ikiwa imejaa. Namba zikaja: silinda tatu zilikuwa zinakaribiana kwenye psi 140, ya nne 85. Hapo koili, plagi, nozeli na sensa zote zikawa zimetolewa hatiani kwa kazi ya asubuhi moja.

Wengi wanaishia hapo na kusema "ringi zimekwisha, tafuta injini nyingine", yaani zile pete za pistoni zinazozuia uvujaji. Mzee hakuishia hapo, na kwa hilo namheshimu. Tulifundishwa kwamba kompresheni ikiwa ndogo unatia oili kidogo kwenye silinda na kupima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Njia hiyo ni nzuri kwa injini iliyosimama. Kwenye injini iliyolala oili inatuama upande wa chini, haizunguki ringi yote, na jibu linaweza kukudanganya. Kwa hiyo alileta pistoni ya namba 4 juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, akaingiza hewa ya kompresa kupitia shimo la plagi, akatega sikio. Hewa ikisikika kwenye kifuniko cha kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikisikika upande wa kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi. Yeye aliisikia kwenye ekzosi, na akamwita kijana aje asikilize mwenyewe.

Ilikuwa valvu ya kutolea moshi. Kwa umri, kitako chake kilikuwa kimelika, na ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na kamu inayoisukuma imekwisha. Chuma kikishapata moto kinarefuka, valvu ikawa haifungi hadi mwisho, na ukingo wake ukaanza kuungua. Ndiyo sababu asubuhi gari ilikuwa haina neno. Injini ikashushwa, hedi zikafunguliwa, valvu ikabadilishwa na nyingine kusagwa, nafasi zikapimwa upya, gasketi na belti ya taimingi zikawa mpya kwa kuwa kazi ilishafika hapo. Ilikuwa kazi kubwa yenye gharama. Lakini pistoni zake zilikuwa nzima, na alikuwa ameshaanza kuulizia injini ya mtumba ambayo hakuna ambaye angejua ndani ina nini.

Kuhusu joto la Dar, nakubaliana na ndugu yetu kwa sehemu. Joto linakausha mipira ya hewa, na ufa mdogo kwenye mpira ulio kati ya kipima hewa na injini unatosha kuvuruga hesabu zote za kompyuta. Kitu ninachokiogopa zaidi kwa magari haya ni mafuta. Viwango vya Japani vinataka petroli ya daraja la juu isipungue oktani 96, na injini hizi za tabo zilipangiwa petroli ya namna hiyo. Ukizitilia ya chini ya hapo na kuisukuma tabo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, na kinachovunjika ni ukingo wa pistoni katikati ya ringi. Wenye umri wangu wanakumbuka petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta mwaka 2010. Hata leo, gari ya tabo ikianza kumisi mara tu baada ya kujaza, swali la kwanza liwe umejaza wapi. Na ikishaanza kumisi, usiikanyage. Endesha taratibu mpaka kwa fundi, au ivutwe.

Kwa wenye magari, ombi langu ni moja: msilipie spea yoyote ya misi kabla ya kupewa namba za kompresheni za silinda zote kwa maandishi. Bei ya koili moja orijino inatosha kununua geji ya kupimia, kwa hiyo karakana isiyo nayo haina kisingizio.

Kwa wauza spea wenzangu wa Gerezani na Shauri Moyo: mimi sasa naweka dukani geji moja ya kompresheni, fundi yeyote anaazima kwa kuacha kitambulisho na anairudisha jioni. Naweka pia koili nzima niliyoipima, ya Subaru na ya Toyota, ya kujaribia tu. Mauzo ya koili yamepungua, sifichi. Lakini wanaokuja wanaondoka na kile wanachokihitaji, na yule kijana wa Tabata sasa ananunua kwangu oili na filta. Duka lolote mtaani linaweza kuanza hivyo Jumatatu.

Msomaji wako,
Muuza spea, Gerezani,
Dar es Salaam.