Kwenu mlio na wazee katika makao: semeni siku, kisha mje

Wanangu, na ninyi wajukuu,

Nawaandikia ninyi ambao mama, baba, bibi au babu yenu anaishi katika makao ya wazee. Mimi naishi humo, na nitakayoyasema nayaona kila kukicha. Siwalaumu kwa kutuleta huku. Wapo waliouguza mzazi nyumbani mpaka migongo ikawauma, wakawa hawawezi tena kumgeuza usiku na kuwahi kazini asubuhi. Wapo pia ambao mzee mwenyewe ndiye aliyeomba kuhama. Hilo limekwisha. Linaloniumiza ni yanayofuata baada ya mzigo kushushwa chumbani na gari kuondoka.

Wahudumu hutuogesha, hutulisha, hutupa dawa kwa saa yake, na wengi hufanya hivyo kwa moyo mweupe. Ila hakuna hata mmoja wao aliyenijua kabla sijashika mkongojo. Kwao mimi ni mama wa chumba cha mwisho, mwenye presha, asiyelala vizuri. Ninyi ndio mnaojua kuwa mama yenu aliwahi kusimamia watu kazini, kwamba anachukia kuitwa bibi na mtu asiye mjukuu wake, kwamba akinyamaza hajanuna bali anawaza. Yaandikeni hayo kwenye karatasi moja, mkae na muuguzi wa zamu, mmsomee. Mhudumu anayejua habari zako hukuvalisha nguo kwa mkono tofauti na asiyezijua. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka 1976 mtafiti mmoja wa Marekani, Richard Schulz, alichapisha matokeo ya jambo alilolijaribu katika makao ya wazee. Wanafunzi wa chuo waliwatembelea wazee. Kundi moja la wazee lilijipangia lenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. Kundi la pili halikupanga, ila liliambiwa mapema siku ya mgeni. La tatu lilitembelewa kwa kadiri ileile, lakini mgeni alitokea tu. La nne halikutembelewa. Waliopanga na waliopewa taarifa walionekana kuwa na afya bora na uchangamfu zaidi. Waliotokewa ghafla hawakuwa na tofauti kubwa na wale wasiokuwa na mgeni kabisa.

Litafakarini hilo, maana wengi wenu mnapenda kutushtukiza, mkidhani furaha itazidi. Furaha ipo, sikatai, lakini huisha mkishafunga mlango. Mzee anayejua kuwa mwanawe anakuja Jumamosi saa kumi huanza kuifaidi Jumamosi hiyo tangu Alhamisi: anachagua nguo, anakusanya habari za kusimulia, anamtambia jirani yake. Anayeshtukizwa hana cha kungojea. Kila asubuhi anaamka hajui kama leo ana mtu au hana, na baada ya muda anaacha kutazama mlango. Mnapokuja mnamkuta amepooza moyo, mnasema uzee huo.

Habari ya Schulz ina sehemu ya pili, nayo ni chungu. Utafiti ulipokwisha, wanafunzi waliacha kwenda. Yeye na mwenzake Barbara Hanusa wakaendelea kuwafuatilia wazee wale, na mwaka 1978 wakaandika kwamba waliokuwa wamepata nafuu ndio walioporomoka, hali wenzao walibaki karibu palepale. Kwa hiyo nawasihi, msianze kwa kishindo msichoweza kukiendeleza. Mzee akiingia makaoni, mwezi wa kwanza familia nzima inajaa chumbani, viti havitoshi. Mwezi wa tatu haonekani mtu. Afadhali nusu saa kwa wiki ambayo mtaimudu miaka yote, mmoja wenu akishika wiki hii na mwingine ijayo. Ahadi ni deni, na kwetu sisi ni deni linalohesabiwa kwa saa ya ukutani. Mkikwama, pigeni simu kabla ya saa ile kufika. Anayehamia mbali aje aage, aseme ni nani atashika zamu yake. Simu ya video ilituokoa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya makao katika nchi nyingi, na bado inamfaa aliye mbali. Nayo ipangiwe siku yake.

Nasikia wengine wakisema, "Nikienda hata hakumbuki kuwa nilikwenda." Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonesha watu wenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikumbuka kidogo mno kati ya waliyoyaona, na hata hivyo ile huzuni au ile furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Basi nenda. Usimfanyie mtihani wa kukutaja jina, wala usimbishie akikuita kwa jina la ndugu yako. Keti mbele yake akuone mdomo, zima televisheni, sema polepole. Wapo wanaodhaniwa wamepotewa na akili kumbe hawasikii tu, na hakuna aliyewapeleka kupimwa masikio. Tena tafadhali, msizungumze na muuguzi habari za choo chake juu ya kichwa chake, kana kwamba amelala.

Jambo jingine ni kutuacha tutoe. Mnatuletea vitu, mnatufunika blanketi, mnatuambia tupumzike. Tumepumzika vya kutosha! Watafiti Ellen Langer na Judith Rodin, mwaka huohuo wa 1976, waliandika kuhusu makao ambamo wazee wa ghorofa moja walihimizwa kujiamulia mambo yao na wakapewa kila mmoja mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea pia, ila wauguzi ndio walioimwagilia. Wale wa kwanza walichangamka na kujishughulisha kuliko wa pili. Tuleteeni la kufanya, basi. Mtoto aje asome kwa sauti, nimsahihishe. Ndugu wawili wamegombana, njooni mbele yangu niwasikilize. Kuna kifungo cha shati kimekatika, nipeni sindano hata kama itanichukua mchana kutwa.

Na msitufiche misiba. Hili naliweka peke yake kwa kuwa linatudhalilisha kupita yote. Ndugu yangu wa damu akifa, nina haki ya kumlilia siku wanayomlilia wengine. Mkinificha kwa kuniogopea presha, nitakuja kulisikia kwa mtu anayedhani najua, na hapo nitakuwa na vilio viwili. Ninyi wasimamizi wa makao nanyi nawaomba: mwenzetu akifariki, tuambieni. Tunaamka tunakuta kitanda kimetandikwa shuka mpya, kesho yake kina mwenyeji mwingine, na hakuna aliyetamka jina la yule tuliyekula naye meza moja. Tupeni hata robo saa ya kukaa pamoja na kumtaja.

Nimalizie na yule jirani wa mama yenu, asiyejiwa na mtu. Kila makao yana watu wa namna hiyo. Mkija, anageuzia uso ukutani ili asiwaone mkikumbatiana, au anajifanya kasinzia. Msalimieni kwa jina lake, mumuulize habari zake mwenyewe, si za mama yenu. Akipenda, sogezeni kiti chake mkae wote. Ila msimwambie "tutarudi" mpaka muwe mmekwisha kukubaliana ninyi kwa ninyi ni nani atakayerudi, na siku gani.

Ni mimi bibi yenu, kutoka makaoni.