Kuipa dunia kisogo, na lile deni langu

Shosti wangu,

Nimeona nikuandikie kabisa maana juzi kwenye simu ulinikatisha, ukasema siku hizi nimekuwa mtawa najinyima raha, na mi nikikuambia kwa sauti siwezi kulipanga likaeleweka. Kwanza utulie, dini sijabadili, swala tano zangu ziko palepale. Ila kuna kitu nimekikuta kwa Wabudha kimenikaa moyoni nataka ukijue wewe kabla ya mtu mwingine.

Si unajua napeleka chakula cha mchana kwenye zile ofisi za Upanga hapa Dar, sasa hukohuko Upanga kuna hekalu la Wabudha la siku nyingi, lilianzishwa na Wasinghala waliotoka Sri Lanka enzi hizo inaitwa Ceylon. Siku moja jua kali nikaomba nikae kivulini, chini nikaokota jani la ule mti wao wa bodhi, shosti lile jani lina umbo la moyo afu kwenye ncha linatoka kimkia chembamba kirefu, nikalibana kwenye daftari langu la oda na usiku nikaanza kusoma habari zao kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Wenyewe kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao vya zamani, wanaita nekkhamma, sisi tungesema kuipa dunia kisogo. Stori ya Siddhartha, ndo huyohuyo Buddha wao, utakuwa umeisikia, mtoto wa mfalme ana kila kitu, akaondoka na miaka 29 akamuacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga Rahula. Hapo mi kama mwanamke paliniuma na pananiuma mpaka leo, siwezi kukuficha. Lakini watu wengi wanaishia hapohapo, hawaulizi baada ya hapo ikawaje. Alienda akajitesa miaka 6, kula kidogo mpaka mbavu zinahesabika, na alichokuwa anakitafuta, njia ya kutoka kwenye mateso ya dunia, hakukipata, mpaka alipokubali wali wa maziwa wa binti mmoja anaitwa Sujata, na wale wenzake 5 wa msituni wakamsusa kwa ajili ya huo wali. Haohao ndo aliwapa mahubiri yake ya kwanza kule Sarnath, India, akawaambia kuzama kwenye anasa hakufai na kujitesa nako hakufai. Kwaiyo neno kujinyima ndo nalikataa, yeye mwenyewe alilijaribu akaliacha.

Sasa kilichonishika hasa ni hiki. Kuna hotuba yake kwa mfalme Ajatasattu anafananisha tamaa ya raha na deni. Anasema mtu kakopa mtaji, biashara ikaenda, akalipa deni lote na ikabaki hela ya kumtunza mkewe, akawaza nilikuwa na deni na sasa sina, akafurahi. Niliposoma nikaiweka simu chini nikalia.

Maana wewe ulijua sehemu tu. Ile sare ya kitchen party ya Tabata, kile kitenge cha kijani na mshono wake na viatu, nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, laki tatu. Rejesho kila siku. Ikifika saa moja jioni nazima taa nakaa kitandani na giza, mwanangu nimemwambia asiseme kitu, nasikia kandambili za yule dada wa marejesho zinakuja kwenye korido, zinasimama mlangoni, anagonga mara tatu. Na kitenge kinaning'inia pale ukutani nimekivaa siku moja tu. Siku nilipomaliza rejesho la mwisho nikakaa ngazini nikanywa maji, maji tu ya chupa, jamani yalikuwa matamu sijawahi kuona. Sikuongezewa chochote siku ile, kilichoondoka ndo kilinipa raha.

Na yupo mwingine anaitwa Bhaddiya, alikuwa mtawala kwa Washakya, ukoo wa Buddha mwenyewe, akawa mtawa, akawa anakaa chini ya mti anasema raha iliyoje, raha iliyoje, wenzake wakadhani anakumbuka ufalme. Buddha alipomuita amuulize, akajibu alipokuwa mfalme alilindwa ndani ya jumba na nje ya jumba na bado alikuwa anaishi kwa hofu, sasa yuko peke yake mwituni na haogopi. Mi sijawa mfalme ila hofu ya kulindwa na mlango uliofungwa naijua.

Watawa wao wana sheria 227, hela hawashiki, saa sita mchana ikipita hawali tena mpaka kesho. Mi hayo siyawezi na sijayatamani, nina mtoto na jiko la kuwasha saa kumi alfajiri. Ninachofanya ni kidogo tu, kitu kikinivuta najiuliza hiki nitakilipia kwa usingizi wangu? Kama ndio, nakiacha, na ninavyokiacha siumii kama nilivyodhani. Ndo mabadiliko uliyoyaona. Sijakukimbia wewe wala watu wetu, nawapenda vilevile.

Kwaiyo ile send-off ya Desemba nakuja, na sufuria zangu nakuja nazo, pilau niachieni mimi. Mchango nishampa mama yako mkononi. Ila sare mpya usinihesabie, nitavaa kile kitenge cha kijani, nimekifua nimekipiga pasi jana.

Mbusu mtoto, na ule mguu wake uniambie unaendeleaje.

Wako wa siku zote