Kwa Nini Sipokei Simu

Leeds, Uingereza
Jumatano usiku

Dada yangu mpendwa,

Nifikishie shikamoo kwa mama, umkalishe kwanza, ndipo umsomee. Najua ananung'unika. Jumapili tatu mfululizo anapiga, sipokei, namrudishia meseji ya maneno mawili. Sijawasusa, dada. Sauti haitoki. Hata kumeza mate ni kama kumeza mwiba wa samaki, ndiyo maana nimeona niandike.

Nina saratani ya koo. Nilijua tangu kabla ya Pasaka nikawaficha, nikijidanganya kwamba namhurumia mama na presha yake. Mnisamehe. Leo nimepigwa mionzi ya 23 kati ya 35, na madaktari wanasema lengo ni kuiondoa kabisa.

Ilianza na uvimbe shingoni, chini ya taya. Niliugusa nikinyoa ndevu. Kwa kuwa hauumi, niliuacha miezi minne. Sasa kumbuka ulichoniambia kuhusu baba mdogo: ana uvimbe mahali hapohapo, hauumi, anaupaka dawa ya majani. Hilo linaninyima usingizi kuliko ugonjwa wangu. Uvimbe wa shingoni ukipita wiki tatu lazima daktari auone, uume usiume. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa Mbeya, akatwe kinyama kikapimwe. Huenda isiwe saratani kabisa. Hata TB huvimbisha shingo. Lakini wakimwandikia kwenda Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, naomba aende akiwa ameshayajua haya.

Meno kwanza. Kabla ya mionzi nilipelekwa kwa daktari wa meno, akaning'oa magego mawili mabovu. Nikamuuliza, koo langu na meno wapi na wapi? Akanieleza kwamba taya likishapigwa mionzi, mfupa wake haupati damu kama zamani, na jino likija kung'olewa baadaye kidonda kinaweza kukataa kupona. Baba mdogo ana lile gego analolilalamikia kila msimu wa baridi. Awaambie madaktari mapema, liondolewe, pakauke, ndipo aanze.

Halafu barakoa. Si zile za Korona. Ni plastiki yenye matundu madogo, wanailainisha kwa maji ya moto, wanakulaza chali na kuivutia usoni mpaka mabegani ingali na uvuguvugu, inapoa ikiwa imeshika sura yako. Basi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wanakuvisha hiyo na kuibana kwenye kitanda, ili kichwa kisisogee na mionzi ipige palepale ilipopangwa. Siku ya kwanza nilihisi nimefungiwa ndani ya jeneza. Niliinua mkono, wakaja mbio wakanifungua, maana wanakutazama kwenye kamera muda wote. Nililia, dada, mtu mzima. Kesho yake nesi akaniambia nifumbe macho nisafiri njia ninayoijua vizuri. Nikapanda gari pale Uyole. Napandisha Isyonje kwenye baridi na ukungu, nateremka Kiwira, akina mama wanakimbilia dirishani na mikungu ya ndizi. Mionzi yenyewe haiumi na ni dakika chache tu. Mpaka leo wananifungua kabla sijafika Tukuyu.

Pamoja na mionzi napewa kemo, yaani dawa ya saratani, kwa dripu, mara tatu, kila baada ya wiki tatu. Imebaki moja. Daktari anasema kwangu kazi yake kubwa ni kuzidhoofisha seli za saratani ili mionzi izipate vizuri. Dawa hii inaweza kuumiza figo, kwa hiyo wananijaza maji kabla na baada, na mkojo wanaupima. Huweza kugusa masikio pia. Yangu yanalia kidogo usiku, nimewaambia. Kila kitu uwaambie, hata ukiona ni kidogo. Joto likifika 38 natakiwa kuwahi hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, kwa sababu kemo inapunguza askari wa mwili.

Wiki ya tatu ndipo mambo yalipobadilika. Mdomo ulitoka vidonda, mate yakawa mazito kama uji, ladha ikaondoka. Niliipika chai yenu mliyonitumia nikaona nakunywa maji ya majivu. Nasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mara nyingi kwa siku. Kwa maumivu nakunywa mofini ya maji kwa saa zake, sisubiri yapande. Chakula kinapita kwenye mpira waliouweka tumboni mapema, kabla sijadhoofika. Mama asiogope kusikia hivyo, utatolewa. Hata hivyo kila saa nameza maji kidogo na kufanya mazoezi ya koo niliyofundishwa, maana koo lisipotumika hujisahau, na kulifundisha upya ni kazi. Shingo imekuwa nyeusi, inabanduka. Nimeambiwa pia kwamba wiki moja au mbili baada ya kumaliza mambo yanaweza kuwa magumu zaidi kabla ya kupungua, kwa hiyo msishangae nikichelewa kuongea.

Mtu asije akawaambia mionzi hii inaambukiza. Hii ya mashine haibaki mwilini. Baba mdogo akirudi atawapakata wajukuu zake siku hiyohiyo.

Na binti yako amepata ile chanjo ya shuleni ya saratani ya mlango wa kizazi? Tanzania inawachanja wasichana tangu 2018. Inazuia kirusi kiitwacho HPV, na kirusi hicho hicho ndicho kilichokutwa kwenye uvimbe wangu. Kama aliikosa, nenda zahanati wiki hii ukaulizie.

Jumapili pigeni kwa video, saa zilezile za baada ya ibada. Nitapokea. Msinisubiri nijibu, ongeeni tu ninyi, mama aimbe kama anavyoimba akimenya ndizi, na uielekeze simu nje niione migomba. Nikiinua mkono mjue nimesikia.

Mdogo wako