Kitambulisho cha mama, na lile swali la uraia

Shoga yangu Zena,

Habari za siku nyingi? Mama mfikishie shikamoo yangu, watoto wape busu. Naandika mbiombio kwa sababu Rehema kanambia mmeelezwa kuwa mama hawezi kupata kitambulisho mpaka ajifunze gari. Nani kasema? Usinijibu, ni Shaibu. Amwache mama wa watu, barabara za Houston zinatutosha sisi.

Texas inatoa kitambulisho chenye picha kwa asiyeendesha, kwenye ofisi zile zile za DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo, zinazotoa leseni. Hapimwi macho, hapewi mtihani. Fomu ni DL-14A; hakikisha alama imetiwa penye kitambulisho, si penye leseni, maana fomu ni moja. Ada dola 16, ila aliyetimiza miaka 60 analipa 6. Apointimenti mnachukua kwenye tovuti yao. Mkikuta tarehe ya mbali ichukueni hiyo hiyo, kisha uwe unachungulia asubuhi, watu wanafuta. Na si lazima ofisi ya jirani, yoyote ndani ya Texas inafaa.

Abebe grinikadi, yaani kadi yake ya ukaazi wa kudumu, na kadi ya Social Security, ile yenye namba yake ya hifadhi ya jamii. Kama grinikadi bado haijafika, pasipoti yenye ile viza ya uhamiaji iliyogongwa muhuri uwanja wa ndege ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja. Kagua majina, yote matatu, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa: Wamarekani wanatanguliza mwezi, kwa hiyo tarehe 3 Julai ni 07/03. Wengi wanarudishwa hapo.

Kinachowasumbua wazee ni uthibitisho wa makazi. Zinatakiwa karatasi mbili kutoka sehemu mbili tofauti, na moja ionyeshe ameshakaa Texas siku 30. Mama hana bili ya umeme wala mkataba wa nyumba, atazitoa wapi? Taarifa ya benki inakubalika, barua ya serikali pia, mradi isizidi siku 90. Akikosa, ipo fomu ya DL-5: wewe unayeishi naye unakwenda naye mwenyewe, una kitambulisho chako, karatasi zako mbili za makazi, na cheti chako cha kuzaliwa kuonyesha ni mama yako.

Sasa sikiliza hili, ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Ndani ya fomu kuna swali kama ni raia wa Marekani, na jingine kama anataka kuandikishwa kupiga kura. Mama si raia, kwa hiyo yote mawili ni HAPANA. Unawajua wazee wetu, akiulizwa na mtu wa ofisini anaitikia "yes, yes" kwa adabu tu. Kwa sheria ya uhamiaji ya 1996, kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha mtu nchini, na "sikuelewa" haimwokoi. Jaza fomu nyumbani, msomee kila mstari, na dirishani simama ubavuni pake. Akiulizwa tena kwa mdomo, hapana ile ile.

Mtandio hauna neno, uso tu uonekane. Watachukua picha na alama za dole gumba, watampa karatasi ya muda, kadi yenyewe inakuja kwa posta. Kwa hiyo bandika jina lake kwenye sanduku lenu la barua! Tarishi asipoliona huenda akairudisha. Na kadi ikija, tazama ile nyota ya dhahabu pembeni: tangu Mei 2025 kitambulisho cha jimbo kinatakiwa kiwe nayo ili kikubalike kupandia ndege za ndani. Itamfaa akija kwangu.

Haya, nijibu: grinikadi imefika au bado? Benki mmeshamfungulia? Mtaa gani sasa, kule kule au mmehama? Fomu mmeshajaza? Kama mmejaza, lile swali la uraia mmeandika nini? Nipigie leo leo.

Wako,
Mwanaidi