Nekesa, usilipe kabla ya kusoma barua hii

Kisumu, Jumanne jioni

Nekesa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ni joto tu linalotusumbua. Natumaini Mama hajambo na magoti ya Mzee yamepata nafuu. Nimekaa kimya tangu Pasaka, na Mama Taji ameshanikemea kwa niaba yako, kwa hiyo hilo tuliache.

Nimeliona tangazo la hoteli ya huku Kisumu ulilonitumia, pamoja na swali lako kama ulipe nusu ya pesa kufikia Ijumaa ili wazazi wako washerehekee miaka 40 ya ndoa hapo. Nakusihi, usilipe bado. Sisemi hoteli ni mbaya. Nasema tangazo halijakuambia ni chumba kipi unachouziwa, na shida nyingi za hoteli hizi za kifahari huanzia hapo.

Hoteli huuza aina ya chumba. Jina moja, bei moja, lakini vyumba vyenyewe havifanani hata kidogo. Kilichopigwa picha ni kile cha kona, ghorofa ya juu, na mara nyingi kilipigwa wiki ya ufunguzi kabla mtu hajalala humo. Mwenzake wa bei ile ile huenda dirisha lake linatazama jenereta na mapipa ya jikoni. Kwa hiyo waombe nambari ya chumba, nao wakuandikie kwenye WhatsApp au barua pepe. Wakijibu kwamba vyumba hupangwa siku ya kuwasili, basi waandike angalau ghorofa na upande. Desemba hoteli hujaa, na asiye na maandishi ndiye hupewa kilichobaki.

Halafu itazame ile picha tena. Imepigwa kwa lenzi pana kutoka kona ya mlango, ndiyo maana ukuta wa mbali unaonekana kama uko mji wa Ahero. Tumia vigae vya sakafu. Kitanda cha futi 6 kina upana wa karibu mita 1.8, sawa na vigae 3 vya sentimita 60. Mimi nimehesabu kati ya mguu wa kitanda na ukuta, nikapata kigae kimoja na nusu. Hiyo ni sentimita 90, Nekesa. Weka mkoba hapo, kisha mwambie Mzee apite na bakora usiku akienda msalani!

Maji moto ndiyo yanayowaudhi wageni kuliko yote. Ikiwa ni ya sola, uliza tangi ni la lita ngapi na linahudumia vyumba vingapi. Mtu akioga dakika 8 kwa shawa ya lita 9 kwa dakika, ametumia lita 72. Hata akichanganya moto na baridi nusu kwa nusu, tangi la lita 300 linatosha watu 8 hivi, na asubuhi ya sherehe wote wataoga kwa wakati mmoja. Ikiwa ni shawa ya umeme, moja hula karibu kilowati 5, kwa hiyo hoteli nyingi hazizifungi kwenye jenereta. Umeme ukipotea, taa zinarudi na lobi inang'aa, lakini maji ni baridi na kiyoyozi kimelala. Lifti nayo uliza kama iko kwenye jenereta, maana kwa Mzee hilo ndilo…

Kuhusu "mandhari ya ziwa": Ziwa Victoria liko magharibi mwa mji, kwa hiyo chumba chenye machweo yale ya kwenye tangazo hupigwa na jua alasiri yote baada ya saa nane. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi, Mama hatalala. Na gugu maji halina ratiba, upepo hulisukuma likaziba ghuba, kesho likaondoka. Hilo simlaumu mwenye hoteli. Namlaumu anayeongeza bei kwa ajili ya ziwa huku mti au jengo la jirani limelifunika.

Ile bei ya shilingi 9,000 kwenye tangazo isome vizuri. Chini, kwa herufi ndogo, wameandika ni kwa kila mtu wakilala wawili. Chumba basi ni 18,000. Kama kodi haijajumuishwa, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, unafika 21,240, na bado hawajasema kama kuna ada ya huduma. Waandike jumla ya mwisho.

Na hizo nyota tano zao! Nyota nchini kwetu hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, baada ya ukaguzi kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maneno kama "risoti" na "butiki" mwenye hoteli hujipa mwenyewe. Waulize cheti chao.

Ndugu zako wakisisitiza Nakuru, sawa, lakini wasidanganywe na picha za heroe (flamingo) wa waridi. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu miaka ya 2010, chumvi ikapungua, mwani wanaoula ukapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Usiku huko ni baridi, kidimbwi cha kuogelea kisichopashwa moto ni cha kupigia picha tu. Na ada ya kuingia mbugani huwa mbali na bei ya chumba.

Ukilipa, lipa kwa till au paybill (nambari za biashara za M-Pesa) yenye jina la hoteli, kamwe si nambari ya mtu. Siku ya kufika, mizigo ibaki chini kwanza. Panda, fungua mfereji wa moto dakika 3, washa kiyoyozi, vuta maji ya choo, piga picha. Kasoro mwambie meneja wa zamu jioni hiyo hiyo. Ukingoja asubuhi ya kuondoka, watasema mmeshalala humo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza matangazo ya kupotosha, lakini bila maandishi na picha utajitetea kwa kitu gani? Ndiyo maana narudia: nambari ya chumba, kwa maandishi.

Sasa niambie. Wanaolala ni wangapi, na Baba Kevo anakuja na watoto wote? Mzee anaweza ngazi za ghorofa moja? Mkighairi, pesa zinarudishwa hadi siku ngapi kabla? Nani amekwambia Ijumaa ndiyo mwisho, hoteli au dalali? Na je, nipite hapo Alhamisi nikague hicho chumba kabla hujatuma chochote?

Wako,
Akoth