Kamati za shule, fungueni injini ya mashine ya majani kwanza kabla ya kununua

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na kamati za shule, makanisa na wenye viwanja vya mpira. Mvua zikianza tu majani yanapanda na simu nazo zinaanza, fundi mashine ya majani imekufa, tununue injini nyingine au uishushe hii, yani uifungue yote uifufue? Na wengi wanapiga simu wakati hela imeshapitishwa na kikao, yani wanachotaka ni mimi niitikie tu kwamba imekufa.

Fungueni kwanza. Mashine ikigonga jiwe ikazima ghafla, halafu ukivuta kamba inakunyang'anya mkono au haiwaki kabisa, wanasema imenoki, yani imekufa ndani. Nani kasema? Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kuna kii, kichuma kidogo kinachoishika flaiwili na krenki, shafti inayozungusha kisu, zisiachane, kikikatika au kikisogea kidogo tu moto wa plagi unakuja wakati sio wake. Injini nzima inatupwa kwa ajili ya kichuma hicho! Ila hapohapo toa plagi, zungusha kisu polepole, ukiona ncha ya shafti inayumba ujue krenki imepinda, hapo sina ubishi, nunueni nyingine. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikikatika ikatoboa bloku, yani mwili wa injini, hivyohivyo.

Moshi nao unadanganya sana. Mlinzi kailaza mashine ubavu aoshe kisu, kaigeuza upande wa kabureta inakochanganyika hewa na petroli, oili imeingia kwenye eya klina, chujio la hewa, mpaka kwenye silinda, kesho ikiwashwa uwanja mzima moshi mweupe, tayari kamati inasema ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili, zimeisha. Safisheni eya klina, angalieni kiasi cha oili, iacheni iungurume kidogo moshi utakata wenyewe, na siku nyingine plagi itazame juu. Moshi wa ringi ni ule wa bluu usioisha, kila mkikata mnaongeza oili na plagi inatoka nyeusi imelowa.

Ikiwa hivyo ndo tunaanza kuongea habari ya kushusha au kununua. Fungua hedi, kile kifuniko cha silinda, pitisha ukucha ndani ya silinda kutafuta mikwaruzo. Kama haukwami weka ringi mpya, gasketi na oili sili, saga valvu, inarudi kazini vizuri tu. Kama unakwama inategemea, zile zenye silinda ya chuma ndani ya bloku ya aluminiamu, kama Honda GXV160, zinachongwa zikavishwa pistoni ya ovasaizi, yani nene kidogo kuliko ya mwanzo, lakini zile nyepesi ambazo pistoni inatembea kwenye aluminiamu yenyewe usijisumbue. Kipimo changu mimi, spea na ufundi vikivuka nusu ya bei ya injini mpya naacha. Wengine watabisha, sawa.

Na oili jamani! Injini nyingi za hivi hazina filta ya oili, uchafu wote unazunguka humohumo, kwa Honda kama hiyo GXV160 ikiwa mpya oili imwageni baada ya masaa 20 ya kwanza halafu kila masaa 100, sio mnasubiri mpaka iwe lami.

Mkiamua kununua msiende dukani kusema tu nataka injini ya hosipawa (nguvu) 5 na nusu. Zilizojaa madukani ni za pampu, shafti inatokea ubavuni, na mashine zetu hizi za kusukuma kwa mkono shafti inatazama chini. Ing'oeni ya zamani mwende nayo, muuzaji apime unene na urefu wa shafti na matundu ya bolti. Kuna kamati moja iliniletea ya ubavuni, duka likagoma kuipokea, saa hizi inavuta maji kisimani na majani wanafyeka wanafunzi.

Fundi injini ndogo,
Morogoro